Mtu Mmoja, Watu Milioni 15

Kuna dua ambayo watu weusi wengi wanaoishi Marekani na Ulaya wanaijua bila kufundishwa na mtu. Habari inaingia kwenye simu: mtu amefyatua risasi katikati ya umati, au amemsukuma abiria relini, au amekamatwa na mamilioni ya fedha za umma. Jina halijatajwa, picha haijatoka. Kabla hata ya kuwawaza walioumia, moyo umeshasema: Mungu wangu, asiwe mweusi. Picha ikitoka na mtuhumiwa si mweusi, pumzi zinashuka. Akiwa mweusi, kesho yake unaingia kazini umejipanga, sauti umeipunguza, tabasamu umeliweka tayari, kana kwamba wewe ndiye utakayepandishwa kizimbani.

Mzungu aliyesoma habari hiyo hiyo hana dua ya namna hiyo. Muuaji akiwa Mzungu, jirani yake Mzungu atasikitika, atakasirika, kisha ataendelea na siku yake. Hakuna atakayemwuliza wenzake wamepatwa na nini, wala hatajiona analazimika kuwa mpole zaidi wiki hiyo ili kufidia.

Kwa zaidi ya karne moja, mtu mweusi aliye peke yake katikati ya Wazungu ameambiwa kwamba dawa ya mzigo huu ni ubora. Soma kuliko wao, vaa vizuri kuliko wao, fika mapema, meza matusi, usitutie aibu. Wanaosema hivyo ni wazazi wanaotupenda, na ni viongozi waliopigania haki kwa jasho na damu, kwa hiyo siwabezi hata kidogo. Lakini naamini dawa hii haitibu. Ubora wa mtu mmoja hauwezi kulipa deni ambalo mtu huyo hakulikopa, na kila anapojaribu kulilipa anakiri kwamba deni lipo.

Tutazame kwanza hesabu yenyewe, maana haijawahi kuwa ya haki. Kosa la mtu mweusi huandikwa kwenye jina la watu wake wote, ilhali fanikio lake huandikwa kwenye jina lake peke yake. Mwaka 2018 mshambuliaji Romelu Lukaku aliandika kwamba mambo yakimwendea vizuri magazeti yalimwita mshambuliaji wa Ubelgiji, na yakimwendea vibaya yalimwita mshambuliaji wa Ubelgiji mwenye asili ya Kongo. Huyu ni mtu aliyezaliwa Antwerp, na wakati anaandika hayo tayari alikuwa mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa ya nchi hiyo. Mabao yote hayo hayakutosha kumnunulia haki ya kufanya vibaya akiwa Mbelgiji.

Tarehe 11 Julai 2021, kwenye uwanja wa Wembley, fainali ya Kombe la Ulaya kati ya England na Italia iliisha kwa sare ya 1-1 na kwenda kwenye mikwaju ya penalti. Marcus Rashford aligonga mwamba, Jadon Sancho akapanguliwa, Bukayo Saka naye akapanguliwa. Wote watatu ni weusi, na Saka alikuwa na miaka 19. Matusi ya kibaguzi yalianza kumiminika kwenye kurasa zao usiku ule ule. Siku chache baadaye Saka aliandika kwamba alijua papo hapo ni chuki ya aina gani ingemfikia. Kijana wa miaka 19 amekosa penalti mbele ya dunia nzima, na kabla ya kupata nafasi ya kusikitika kama mchezaji, anakumbushwa kwamba hakuwa amepiga penalti ile peke yake. Kocha wake, Gareth Southgate, naye alikosa penalti, ya nusu fainali ya mwaka 1996 dhidi ya Ujerumani. Alisemwa kwa miaka mingi. Hata hivyo hakuna aliyedai kwamba kosa lile lilithibitisha lolote juu ya Wazungu.

Upande wa mafanikio, sifa anayopewa mtu mweusi huwa na sumu yake: "Wewe uko tofauti na wenzako." Anayesema hivyo mara nyingi anadhani anasifu. Kumbe amemtoa msifiwa kwenye hesabu ya watu wake ili dhana aliyokuwa nayo juu yao isiguswe. Tunayo methali kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo haisemi lolote juu ya samaki aliye mzima, na hapo ndipo ilipo dhuluma yote. Mtu mweusi anayejitahidi ili kuwasafisha wenzake anatia fedha kwenye akaunti ambayo haipokei, inatoa tu.

Hofu hii haikutoka hewani. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, jimbo la Nevada, Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa juu duniani, alimpiga Jim Jeffries, bingwa wa zamani aliyerudishwa ulingoni ili awaondolee Wazungu aibu ya kuwa na bingwa mweusi. Matokeo yalipotangazwa, makundi ya Wazungu yaliwavamia watu weusi katika miji mingi ya Marekani, na watu wakauawa. Waliouawa hawakuwa wamevaa glavu. Ngumi za mtu mmoja huko Nevada zilihesabiwa kuwa zao pia. Kwa hiyo mzazi mweusi wa wakati ule aliyemwambia mwanawe awe mwangalifu kwa ajili ya wote hakuwa anatia chumvi.

Johnson mwenyewe alikataa kuwa mfano wa mtu yeyote. Aliendesha magari ya kifahari, alioa wanawake wa Kizungu, alicheka ulingoni. Mwaka 1913 alitiwa hatiani kwa sheria iliyotumika kumwadhibu kwa mahusiano hayo, akaikimbia nchi. Baada yake ilibidi mtu mweusi asubiri hadi mwaka 1937 ndipo mwingine, Joe Louis, alipovaa mkanda ule. Mameneja wake, ambao walikuwa weusi, walimwekea masharti mapema: usipigwe picha na mwanamke wa Kizungu, usishangilie juu ya mpinzani aliyeanguka. Louis aliyashika, akadumu na ubingwa karibu miaka 12, na magazeti ya Wazungu yakamtaja kuwa heshima kwa watu wa rangi yake. Ukitazama vizuri utaona kwamba uhuru wa Johnson uligeuzwa kuwa sheria za Louis. Mmoja aliishi apendavyo, na aliyemfuata akalipishwa kwa kunyimwa kicheko.

Kisa kinachonikaa zaidi moyoni ni cha mwigizaji Hattie McDaniel. Februari 1940, kwenye Hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, alitunukiwa Oscar, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Hoteli ile haikuwa ikipokea watu weusi, hivyo aliingia kwa kuombewa ruhusa maalumu, akawekwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake aliocheza nao. Alipoitwa alivuka ukumbi ule wote hadi jukwaani, akatoa hotuba fupi yenye machozi ambamo alisema anatumaini daima ataleta heshima kwa watu wa rangi yake na kwa tasnia ya filamu. Usiku wa ushindi wake mwenyewe, jambo lililomjia mdomoni lilikuwa ahadi kwa niaba ya mamilioni. Halafu wakaja watetezi wa haki za weusi wakimlaumu kwa kukubali kuigiza watumishi wa ndani, kwamba anawatia aibu. Ukumbi wa Wazungu ulimkalisha pembeni kama mwakilishi, na watu wake wakamkosoa kama mwakilishi. Je, tabia yake njema ilifungua mlango? Mwanamke mweusi aliyefuata kupata Oscar ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Miaka 51.

Harakati za haki za kiraia ziliichukua mantiki hii na kuifanya mbinu, na hapa lazima nitende haki, kwa sababu mbinu ilifanya kazi. Mahakama na magazeti ya Marekani ya miaka ya 1950 yalikuwa tayari kutafuta doa lolote kwa mlalamikaji mweusi na kulitumia kuizima kesi nzima. Wanasheria na viongozi wakatafuta watu wasio na doa. Tatizo ni kwamba binadamu wasio na doa hawapo. Wapo binadamu wanaojikaza, na kujikaza kuna mwisho.

Minnijean Brown alikuwa mmoja wa wanafunzi tisa weusi walioingia Central High School, shule iliyokuwa ya Wazungu tu mjini Little Rock, Arkansas, Septemba 1957, wakisindikizwa na wanajeshi. Walichaguliwa kwa alama zao na kwa utulivu wao, na waliambiwa wasijibu chochote. Walipigwa mateke, wakasukumwa kwenye ngazi, wakatemewa mate, siku baada ya siku. Desemba, Minnijean akiwa amebeba sinia la chakula kwenye ukumbi wa kulia, wavulana wa Kizungu walimsukumia viti kumzibia njia. Sinia lilianguka, mchuzi wa maharage na nyama ukawamwagikia wawili wao kichwani. Akasimamishwa masomo. Februari 1958, baada ya msichana mmoja kumsumbua na yeye kumjibu kwa maneno, alifukuzwa kabisa. Baadhi ya wanafunzi wa Kizungu wakasambaza vikadi vilivyosema: mmoja ameondoka, wamebaki wanane.

Vikadi vile vinasema ukweli wote wa jambo hili kuliko tasnifu nyingi. Waliovisambaza hawakuwa wakimhesabu Minnijean kama msichana wa miaka 16 aliyechoshwa na matusi. Kwao alikuwa tarakimu. Na swali linalonisumbua si kwa nini alijibu. Ni kwa nini wenzake wanane, na wazazi wao, na nchi nzima iliyokuwa ikitazama, walilazimika kuhofia kwamba haki yao ya kusoma imepungua kwa sababu mtoto mmoja amefanya ambacho mtoto yeyote angefanya.

Miaka miwili kabla, Montgomery, jimbo la Alabama, Claudette Colvin wa miaka 15 alikataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi. Ilikuwa tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa vivyo hivyo. Viongozi waliona hafai kuwa sura ya harakati: mdogo mno, wa familia maskini, na baadaye akapata mimba. Parks ndiye aliyefaa, na mgomo wa mabasi uliomfuata ulidumu siku 381. Hilo linajulikana. Lisilotajwa sana ni kwamba kesi iliyobatilisha ubaguzi kwenye mabasi yale, Browder dhidi ya Gayle ya mwaka 1956, haikuwa na jina la Parks miongoni mwa walalamikaji. Lilikuwamo la Colvin. Alisimama mahakamani akatoa ushahidi. Msichana aliyeonekana hatoshi kuwawakilisha watu wake kwenye picha aliwatosha mbele ya majaji. Nikisoma habari zake najiuliza ni wangapi wengine tuliowaficha kwa sababu hatukudhani wangependeza machoni pa watu ambao hata hivyo hawakutupenda.

Sasa tumgeukie mtu ambaye mzigo huu ulimfika kwa jina rasmi na barua ya wito. Jackie Robinson alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani katika karne ya 20, alipoichezea Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Kabla ya hapo mwajiri wake, Branch Rickey, alimtaka aahidi kutojibu matusi, na Robinson aliahidi. Julai 1949, mwaka aliochaguliwa mchezaji bora wa ligi yake, kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti ilimwita Washington. Mwimbaji Paul Robeson alikuwa amenukuliwa akisema, huko Paris, kwamba watu weusi wa Marekani wasingekubali kupigana vita dhidi ya Urusi. Kamati ilitaka mtu mweusi maarufu aje akanushe.

Fikiria jambo lenyewe. Mtu mmoja mweusi amesema neno, likachukuliwa kuwa neno la weusi wote. Ili kulifuta, akaitwa mweusi mwingine aseme neno lingine la weusi wote. Hakuna Mzungu mcheza besiboli aliyewahi kuitwa bungeni kueleza kama Wazungu watakuwa watiifu vitani. Robinson alikwenda, na alisema jambo ambalo kamati haikumwitia: kwamba hawezi kuwasemea watu milioni 15, kama ambavyo mtu mwingine yeyote hawezi. Aliongeza kwamba weusi walikuwa wakipinga ubaguzi tangu kabla chama cha kikomunisti hakijakuwapo. Lakini magazeti yalichukua sehemu iliyomkosoa Robeson na kuipeleka kurasa za mbele. Mwaka uliofuata serikali ilimnyang'anya Robeson hati ya kusafiria. Robinson, katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 1972, mwaka aliofariki, aliandika kwamba kama angeitwa tena wakati huo angekataa, na kwamba heshima yake kwa Robeson ilikuwa imekua.

Weusi wawili hodari kuliko wote wa kizazi chao waligonganishwa vichwa mbele ya watu ambao hawakuwa na nia njema na yeyote kati yao. Hiyo ndiyo kazi nyingine ya uwakilishi wa kulazimishwa, na ndiyo inayoniudhi kuliko zote: inamfanya kila mweusi kuwa mlinzi wa mweusi mwenzake.

Leo barua ya wito haiji. Mambo yanatokea darasani, mwalimu anapofika kwenye sura ya utumwa na vichwa vinageuka kuelekea kiti kimoja. Mwanafunzi aliyekaa kwenye kiti hicho ana sekunde chache za kupiga hesabu ambayo wenzake hawaijui. Akisema hajui, basi weusi hawaijui historia yao. Akisema kwa ukali, weusi wana hasira. Akinyamaza, ameafiki kila lililosemwa. Akitania, utani huo utarudiwa mbele ya mweusi mwingine kwa madai kwamba tayari yupo aliyeuruhusu. Wakati anapiga hesabu hiyo, mwenzake wa kushoto anafikiria swali la mwalimu tu. Somo ni moja, mtihani ni mmoja, ila mmoja anafanya kazi mbili.

Wanasayansi wa jamii wamelichunguza hili kwa miaka mingi. Mwaka 1977 Rosabeth Moss Kanter alichapisha utafiti wake juu ya kampuni kubwa ya Kimarekani ambamo wanawake wachache walikuwa wakifanya kazi ya mauzo kati ya wanaume wengi. Aligundua kwamba aliye mmoja au wawili katika kundi huonekana muda wote, makosa yake husemwa sana, uwezo wake husahaulika, na huulizwa maoni ya wenzake wote. Alilitaja hilo kuwa jambo la uwiano: kundi dogo likiwa hadi asilimia 15 hivi ya watu wote, waliomo hugeuka kuwa alama za kundi lao. Alichunguza wanawake, si weusi, na ndiyo maana naona utafiti wake una thamani hapa. Unaonyesha kwamba shida haipo ndani ya kichwa cha mtu mweusi wala katika udhaifu wa moyo wake. Ipo kwenye chumba, na jinsi chumba kilivyojazwa.

Mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson walionyesha, kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, kwamba mtihani mgumu ukitambulishwa kuwa kipimo cha akili, wanafunzi weusi walifanya vibaya zaidi kuliko Wazungu waliolingana nao kwa alama za awali, na ukitambulishwa kuwa zoezi la kawaida tu, pengo lilipungua sana. Watafiti waliofuata wamebishana juu ya ukubwa wa athari hiyo, na wana haki ya kubishana. Ila yeyote aliyewahi kufanya kazi huku akijua kosa lake litakuwa kosa la watu wake hahitaji maabara kumweleza kwamba nusu ya akili ilikuwa imetumwa kulinda mlango.

Lipo jambo letu wenyewe pia, na halisemwi vya kutosha. Mwafrika anayehamia Marekani au Uingereza akiwa mtu mzima hufika bila kujijua kuwa mweusi kwa maana hii. Alikotoka alikuwa mtoto wa fulani, mtu wa kabila fulani, dini fulani, kazi fulani. Anapogundua kwamba machoni pa mwenye nyumba, polisi na mwajiri yeye ni mweusi tu, njia ya mkato humjia haraka: kujitenga na weusi aliowakuta. Mimi si kama wale. Sisi tumekuja kusoma. Sisi tuna adabu. Nimeyasikia maneno hayo kutoka kwa watu ninaowaheshimu na yananiuma, kwa sababu anayeyasema ananunua nafasi yake kwa kuithibitisha dhana ile ile itakayomgeukia mwanawe. Mtoto huyo hatakuwa na lafudhi ya mgeni ya kumkinga. Kwa askari aliyemsimamisha barabarani usiku, atakuwa mmoja wa wale.

Na wapo wanaonijibu kwamba bila kuwajibika kwa ajili ya wenzetu tusingefika popote. Nakubaliana nao kwa nusu. Daktari mweusi anayeamua kuwafundisha vijana weusi jioni, mwanasheria anayechukua kesi bila malipo, mwanafunzi anayeanzisha chama cha weusi chuoni kwake, hao wamechagua. Wanajua wanamfanyia nani na kwa nini, na wakichoka wanaweza kupumzika. Ninachokipinga ni kugeuzwa sampuli. Mshikamano unanitaka nitende jambo pamoja na watu wangu. Usampuli haunitaki nitende chochote; unanitaka nionekane, na unatafsiri kila ninachofanya, hata ninavyopiga chafya, kuwa taarifa juu ya watu ambao sijawahi kukutana nao.

Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kilitoa kijitabu cha kuvutia waombaji. Jaladani palikuwa na umati wa wanafunzi wakishangilia mechi ya mpira wa Kimarekani, na katikati yao uso wa mwanafunzi mmoja mweusi akitabasamu. Hakuwahi kwenda kwenye mechi hiyo. Picha yake ilikatwa kutoka sehemu nyingine ikapachikwa pale. Chuo kiliomba radhi. Kisa hicho kilileta kelele kwa sababu kilifanywa kwa mkasi, lakini taasisi nyingi hufanya vivyo hivyo bila mkasi: mfanyakazi mweusi yule yule anaonekana kwenye kila picha ya tovuti, kila kamati ya usawa, kila meza ya kuwapokea wageni, na saa hizo zote hazihesabiwi anapofika wakati wa kupandishwa cheo. Kama kazi hiyo ni ya lazima kwa taasisi, ilipwe na iandikwe kwenye majukumu. Kama si ya lazima, aachwe afanye aliyoajiriwa kuyafanya.

Hilo ni dogo. Lililo kubwa ni idadi, na ajabu ni kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kuliona. Mwaka 2003, katika kesi ya Grutter dhidi ya Bollinger, chuo cha sheria cha Michigan kilieleza kwamba kinatafuta wanafunzi wa makundi yenye uwakilishi mdogo kwa idadi ya kutosha ili wasijione wapweke wala wasemaji wa rangi yao. Majaji watano dhidi ya wanne walikubali mpango huo. Kwa mara moja, mzigo ninaouzungumzia uliingia kwenye kumbukumbu za mahakama ukiwa umeelezwa kama unavyohisiwa, na dawa iliyotajwa haikuwa kumtaka mwanafunzi mweusi awe jasiri au bora zaidi. Ilikuwa kumpa wenzake. Weusi wakiwa wengi darasani mmoja atakuwa mhafidhina, mwingine msoshalisti, mmoja mvivu, mwingine hodari, na hao Wazungu watawasikia wakibishana wao kwa wao. Mwenzako akitofautiana nawe hadharani amekupunguzia mzigo kuliko hotuba yoyote ya kukutia moyo.

Tarehe 29 Juni 2023 mahakama hiyo hiyo, ikiwa na majaji wengine, ilikataza vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji kwa namna vilivyokuwa vikifanya. Kundi la kwanza lililoingia chuo cha teknolojia cha MIT baada ya hukumu hiyo, mwaka 2024, lilikuwa na asilimia 5 ya wanafunzi weusi, kutoka wastani wa 13 wa miaka iliyotangulia. Katika darasa la watu 20, asilimia 13 ni wawili au watatu. Asilimia 5 ni mmoja. Wahadhiri wa madarasa hayo sasa inawabidi wafanye kwa makusudi kile ambacho idadi ilikuwa ikikifanya yenyewe: wasimtazame yeye kwanza mjadala wa rangi unapoanza, wamwulize juu ya mlinganyo ulioko ubaoni kama wanavyowauliza wenzake 19, na akikosea wamsahihishe kisha waendelee na somo.